Jani, Shujaa na Kalenda: Vyakula vya Sikukuu za Jadi katika Eneo la Suzhou na Funzo Lake kwa Sera ya Urithi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya desturi na vyakula vya sikukuu za jadi katika eneo la Suzhou, jimbo la Jiangsu, mashariki mwa China. Inaonesha kwamba katika kipindi kirefu cha historia, hadithi zinazoelezea sikukuu zimebadilika, na amri za serikali kuhusu kalenda zimetolewa na kuondolewa, ilhali vyakula vimedumu. Kudumu huko kumetegemea mambo matatu ya mahali: mazao ya maji na mpunga, hesabu ya majira, na usemi wa wenyeji. Makala inahitimisha kwamba sera ya urithi inayolinda jina la sikukuu na siku ya mapumziko pekee, bila kulinda mambo hayo matatu, huhifadhi ganda na kuacha kiini.

1.0 Utangulizi

Sikukuu za China zinapozungumzwa nje ya nchi hiyo, mara nyingi huelezwa kana kwamba China ni kaya moja yenye chungu kimoja. Husemwa kwamba Wachina hula chakula fulani siku fulani kwa sababu fulani. Maelezo ya namna hiyo yana manufaa kwa mgeni, lakini humnyima mtafiti jambo la msingi: sikukuu haiishi katika taifa kwa ujumla wake, bali huishi mahali, katika udongo, maji na lugha ya watu fulani.

Suzhou ni mahali panapofaa kuchunguzwa kwa jicho hilo. Mji huo uko kusini mwa mto Yangtze, kando ya ziwa Tai, takriban kilomita 100 magharibi mwa Shanghai. Kwa mapokeo, ulianzishwa mwaka 514 KK ukiwa mji mkuu wa dola ya Wu chini ya Mfalme Helü. Eneo lake ni tambarare, lenye mifereji mingi, mashamba ya mpunga na vinamasi. Mfereji Mkuu wa China unapita hapo, na kwa karne nyingi ulisafirisha mpunga wa kusini kwenda kaskazini. Wenyeji huzungumza lugha ya Kiwu, ambayo haielewani na Kichina Sanifu chenye asili ya kaskazini.

Suzhou pia ina bahati ya kumbukumbu. Mwaka 1830 mwenyeji wa mji huo aitwaye Gu Lu alichapisha kitabu *Qing jia lu*, ambamo desturi za mji zimepangwa katika mafungu 12, fungu moja kwa kila mwezi. Mwandishi huyo hakuandika juu ya makasri ya wafalme. Aliandika juu ya kinachouzwa sokoni, kinachowekwa mbele ya wahenga, na kinacholiwa jikoni. Kitabu chake kinamwezesha mtafiti wa leo kulinganisha karne mbili bila kutegemea kumbukumbu za simulizi pekee.

2.0 Mwaka Unaohesabiwa kwa Vyakula

Kalenda ya jadi ya China huunganisha hesabu mbili. Miezi hufuata mwandamo, na kila mwezi huanza siku ya mwezi mpya. Pamoja na hiyo, mwaka wa jua umegawanywa katika vipindi 24 vinavyomwongoza mkulima. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba Ramadhani hufuata mwandamo na Nairuzi hufuata jua, hatapata taabu kuelewa mpangilio huo. Tofauti ni kwamba nchini China hesabu hizo mbili hurekebishwa ndani ya kalenda moja, kwa kuongeza mwezi wa 13 kila inapohitajika.

Huko Suzhou, karibu kila kituo cha mwaka kina chakula chake, na vingi vya vyakula hivyo hutengenezwa kwa mchele unaonata. Mchele huo husagwa, hukandwa, hupikwa kwa mvuke na kuumbwa kuwa kile ambacho wenyeji hukiita *gao*. Duka la Huang Tian Yuan, lililoanzishwa mwaka 1821, bado huuza aina hizo kwa kufuata msimu.

Mwisho wa mwaka hutengenezwa *niangao*, yaani *gao* ya mwaka. Kiasi fulani hubakizwa kwa makusudi. Siku ya pili ya mwezi wa pili, *niangao* iliyobaki hukatwa vipande na kukaangwa kwa mafuta, nayo huitwa “*gao* ya kutegemeza kiuno”. Gu Lu aliirekodi desturi hiyo, na sababu yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kuinama shambani: majira ya kupandikiza mpunga yanakaribia, na kiuno ndicho kitakachoumia kwanza.

Wakati wa Qingming, mwanzoni mwa Aprili, familia huzuru makaburi ya wahenga. Gu Lu anaeleza kwamba soko liliuza *qingtuan* pamoja na mizizi ya yungiyungi iliyopikwa, vyote vikiwa sadaka kwa wafu. *Qingtuan* ni madonge ya mchele unaonata yaliyotiwa rangi ya kijani kwa maji ya nyasi changa, na ndani yake huwekwa rojo tamu la maharagwe mekundu. Huliwa yakiwa yamepoa, kwa sababu Qingming ilimeza sikukuu ya kale zaidi ambayo moto haukuwashwa.

Mwanzoni mwa Mei, kipindi kiitwacho Lixia kinapoingia, nyumba za Suzhou ziliweka mbele ya miungu na wahenga vitu vitatu vipya vya msimu: cheri, plamu mbichi na ngano changa. Katikati ya vuli, mwezi unapokuwa mpevu katika mwezi wa nane, huliwa keki za mwezi za mtindo wa Suzhou. Keki hizo hutofautiana na zile za Guangdong zilizozoeleka duniani: ganda lake lina matabaka membamba yanayovunjika kwa kuguswa, na baadhi huwekwa nyama ya nguruwe na kuliwa zikiwa za moto.

Hata hivyo, kilele cha kalenda ya Suzhou hakiko pale ambapo mgeni angekitarajia. Kiko Dongzhi, siku yenye mchana mfupi kuliko zote, takriban tarehe 22 Desemba. Wenyeji wana msemo kwamba Dongzhi ni kubwa sawa na Mwaka Mpya. Gu Lu anaeleza kwamba zawadi za chakula zilipelekwa nyumba hadi nyumba, na mwanamke aliyeolewa aliyekuwa akiwatembelea wazazi wake alilazimika kurudi kwa mumewe kabla ya usiku huo. Hadi leo hutengenezwa kileo cha mchele kilichotiwa maua yenye manukato ya mti wa *guihua*, ambacho huuzwa kwa wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Maelezo ya wenyeji ni kwamba dola ya Wu ilianzishwa na Taibo, mwana wa ukoo wa Zhou, na kwamba kalenda ya Zhou ilianza mwaka katika mwezi wa Dongzhi. Iwe maelezo hayo ni historia au ni simulizi ya kujitafutia asili, jambo moja halina shaka: kalenda ya Suzhou ina uzani wake, usiolingana na uzani wa kalenda ya taifa.

3.0 Mwezi wa Tano: Chakula Kimoja, Mashujaa Wawili

Uhusiano kati ya chakula na hadithi huonekana vizuri zaidi katika sikukuu ya Duanwu, inayoadhimishwa siku ya tano ya mwezi wa tano. Chakula chake ni *zongzi*: mchele unaonata uliofungwa kwa majani katika umbo la pembe, ukakazwa kwa uzi na kuchemshwa kwa saa nyingi. Msomaji wa Kongo aliyezoea chikwanga ataufahamu mara moja ufundi wa kufunga chakula kwa majani, ingawa kilichomo ndani ni tofauti.

Maelezo yaliyoenea ni kwamba *zongzi* hutengenezwa kwa ajili ya Qu Yuan, mshairi na mtumishi wa dola ya Chu, ambaye kwa mapokeo alijitosa katika mto Miluo takriban mwaka 278 KK. Inasimuliwa kwamba watu walitupa mchele mtoni kwa ajili yake. Suzhou haimkatai Qu Yuan, lakini shujaa wake ni mwingine. Ni Wu Zixu, mshauri ambaye kwa mapokeo ndiye aliyesimamia ujenzi wa mji wenyewe. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, anasimulia kwamba Wu Zixu alimwonya Mfalme Fuchai dhidi ya dola jirani ya Yue. Mfalme hakumsikiliza, akamwamuru ajiue, na mwili wake ukatiwa katika mfuko wa ngozi na kutupwa mtoni. Hilo lilitokea mwaka 484 KK, takriban miaka 200 kabla ya kifo cha Qu Yuan. Miaka michache baadaye Yue iliivamia Wu na kuiangamiza. Watu wa Wu, anaeleza Sima Qian, walimhurumia mtu huyo wakamjengea hekalu. Lango moja la Suzhou, Xumen, linahusishwa na jina lake hadi leo.

Mgongano kati ya mashujaa hao wawili si wa leo. Maandishi ya jiwe la kumbukumbu la mwaka 151 BK, katika jimbo la sasa la Zhejiang, yanahusu msichana Cao E, ambaye baba yake alizama mtoni katika ibada ya mwezi wa tano ya kumlaki Wu Zixu akiwa mungu wa maji. Katika karne ya 6, Zong Lin aliandika kitabu juu ya desturi za mwaka za eneo la Chu. Du Gongzhan, aliyekiwekea maelezo wakati wa enzi ya Sui, alikiri kwamba mashindano ya mashua huhusishwa na Qu Yuan. Lakini alilitaja jiwe la Cao E na kuongeza kwamba upande wa mashariki, katika nchi ya Wu, desturi hiyo inamhusu Wu Zixu, wala haina uhusiano na Qu Yuan. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, msomi alikwisha kuona kwamba swali la “nani anaadhimishwa” halijibiki bila kwanza kuuliza “wapi”.

Ushahidi wa tatu ni muhimu zaidi, kwa sababu hauna shujaa hata mmoja. Zhou Chu, aliyefariki mwaka 297 BK, alikuwa mwenyeji wa Yixing, ng’ambo ya magharibi ya ziwa Tai. Katika maandishi yake juu ya desturi za eneo hilo, ambayo yamehifadhiwa kwa kunukuliwa katika vitabu vya baadaye, anaeleza jinsi nafaka yenye kunata ilivyofungwa kwa majani ya mmea wa majini uitwao *gu*, ikapikwa kwa maji ya majivu, na kuliwa siku ya Duanwu na siku ya kilele cha jua la kiangazi. Hamtaji Qu Yuan wala Wu Zixu. Maelezo anayoyatoa yanahusu majira: yaliyofungwa ndani na yanayofunga nje ni mfano wa nguvu mbili za maumbile ambazo bado hazijaachana. Hadithi inayounganisha chakula hicho na Qu Yuan inaonekana katika mkusanyiko wa Wu Jun, aliyeishi kati ya 469 na 520, yaani zaidi ya karne moja na nusu baada ya Zhou Chu.

Mfuatano huo wa ushahidi unaelekea upande mmoja. Chakula na siku yake vilikuwapo katika eneo la ziwa Tai kabla hadithi ya chakula hicho haijaandikwa. Mwezi wa tano ni mwezi wa joto, mvua na maradhi kusini mwa Yangtze, na mapokeo ya Kichina huuhesabu kuwa mwezi mbaya. Ndiyo maana desturi nyingine za Duanwu ni za kinga: majani ya pakanga hutundikwa mlangoni, na nyuzi za rangi tano hufungwa mikononi mwa watoto. Mashujaa waliozama majini waliletwa baadaye kuipa sikukuu uso wa binadamu, na kila eneo lilimchagua mtu wake.

4.0 Amri na Chungu: Serikali na Kalenda

Kama hadithi inaweza kubadilika, je, kalenda yenyewe inaweza kufutwa? Karne ya 20 ililijaribu jambo hilo zaidi ya mara moja.

Tarehe 1 Januari 1912 Jamhuri mpya ya China ilipokea kalenda ya jua inayotumika kimataifa. Mwaka 1914 serikali ilizipa sikukuu kuu majina mapya kwa kufuata majira: Mwaka Mpya wa jadi ukawa Sikukuu ya Majira ya Mchipuko, Duanwu ikawa ya kiangazi, sikukuu ya katikati ya vuli ikawa ya vuli, na Dongzhi ikawa ya kipupwe. Ni jina la kwanza pekee lililoshika mizizi.

Kati ya mwaka 1928 na 1930, serikali ya Kuomintang, iliyokuwa na makao yake Nanjing katika jimbo lilelile la Jiangsu, ilikwenda mbali zaidi. Ilikusudia kuifuta kalenda ya zamani kabisa. Maduka yaliamriwa yasifungwe wakati wa Mwaka Mpya wa jadi, na sikukuu zilihamishiwa tarehe zenye nambari zilezile katika kalenda mpya. Duanwu ikawa tarehe 5 Mei, na sikukuu ya katikati ya vuli ikawa tarehe 15 Agosti.

Kwa ofisa aliyekaa mezani, uhamisho huo ulikuwa hesabu rahisi. Kwa mpishi, haukuwa na maana. Tarehe 15 Agosti mwezi unaweza kuwa mpevu, mwembamba au usionekane kabisa, na keki ya mwezi bila mwezi ni keki tu. Vivyo hivyo, tarehe 5 Mei hutangulia siku ya tano ya mwezi wa tano wa jadi kwa wiki kadhaa, na joto lile ambalo desturi za kinga zimekusudiwa kulikabili bado halijafika. Kufikia mwaka 1934 wakuu walikuwa wameacha kuilazimisha amri hiyo. Haikushindwa kwa uasi wenye bendera. Ilishindwa kwa sababu kalenda ya jadi ilikuwa imeandikwa mahali ambapo amri haikufika: angani, mashambani na chunguni.

Jamhuri ya Watu wa China, iliyoanzishwa mwaka 1949, iliuhifadhi Mwaka Mpya wa jadi kwa siku tatu za mapumziko kupitia uamuzi wa Desemba mwaka huohuo. Duanwu na Qingming hazikupata mapumziko ya wote. Tangu mwaka 1955 vyakula vya nafaka viligawanywa kwa kuponi, mfumo uliodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika mazingira ya mgao vyakula vya mchele unaonata vilizidi kuwa vitu vya siku maalumu. Mwaka 1967, katika Mapinduzi ya Utamaduni, mapumziko ya Mwaka Mpya wa jadi yalifutwa, na kufikia mwaka 1980 yalikuwa yamerejeshwa.

Mgeuko wa sera ulikuja katika karne ya 21. Mwezi Novemba 2005 UNESCO ilitangaza tamasha la Danoje la Gangneung, Korea Kusini, ambalo huangukia msimu uleule wa siku ya tano ya mwezi wa tano, kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Nchini China tukio hilo lilizua mjadala mkali kuhusu nani ni mwenye sikukuu. Mwaka 2006 China ilitoa orodha yake ya kwanza ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikiwa na Mwaka Mpya wa jadi, Qingming, Duanwu, Qixi, sikukuu ya katikati ya vuli na Chongyang. Kuanzia mwaka 2008, Qingming, Duanwu na sikukuu ya katikati ya vuli zikawa siku za mapumziko.

Dongzhi haikuwamo miongoni mwa siku hizo za mapumziko. Siku ambayo Suzhou huilinganisha na Mwaka Mpya ni siku ya kazi. Mtu wa Suzhou hutoka ofisini jioni, hununua kileo cha msimu njiani na kuwahi mlo wa familia.

5.0 Neno Ndani ya Chakula

Jambo la tatu linalobeba sikukuu ni usemi. Vyakula vingi vya sikukuu za Suzhou vina maana kwa sababu ya sauti ya majina yao. *Gao*, chakula cha mchele, hutamkwa sawa na *gao* yenye maana ya “juu”. Hivyo *niangao* hubeba matumaini ya mwaka wa kupanda. Siku ya Chongyang, tisa ya mwezi wa tisa, desturi ni kupanda mahali palipoinuka. Katika nchi tambarare isiyo na vilima vingi, kula *gao* huchukua nafasi ya kupanda.

Mchezo huo wa sauti unafanya kazi katika Kiwu na pia katika Kichina Sanifu, na kwa hiyo unaeleweka nchi nzima. Upo mwingine ambao hauvuki mipaka kwa urahisi. Katika Kichina Sanifu, *zong* ya *zongzi* na *zhong* yenye maana ya “kufaulu” huanza kwa konsonanti tofauti. Katika usemi wa kawaida wa mjini Suzhou, tofauti hiyo ya konsonanti imetoweka, na maneno hayo mawili husikika kama moja. Kwa hiyo *gao* na *zongzi*, vikiwekwa pamoja mbele ya mtahiniwa, husomeka kama sentensi kamili: “faulu kwa daraja la juu”. Huongezwa pia *gao* ya rangi ya waridi iitwayo *dingsheng*, ambayo jina lake husikika kama “ushindi wa hakika”.

Mtoto aliyelelewa kwa Kichina Sanifu pekee hula chakula kilekile, lakini nusu ya sentensi haisikii. Atahitaji kuelezwa, na dua inayohitaji kuelezwa imekwisha kuwa nusu makumbusho. Suala hili lina uzito, kwa kuwa lugha ya shule katika Suzhou ni Kichina Sanifu, mji umepokea wahamiaji wengi kutoka majimbo mengine, na Kiwu kimepungua midomoni mwa watoto.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, mfano huu unagusa pia kazi ya tafsiri. Duanwu hufika katika Kiswahili mara kwa mara kupitia Kiingereza, ikiwa “Sikukuu ya Mashua za Joka”. Jina hilo lina mashua lakini halina chakula, halina mwezi wa tano, wala halina kinga dhidi ya maradhi. *Gao* ikiitwa keki, msomaji hufikiria unga wa ngano, mayai na jiko la kuokea, vitu ambavyo havimo. Njia salama zaidi ni kuliacha jina la mwenyeji, kulieleza mara ya kwanza kwa maneno ya jikoni yanayojulikana, kisha kulitumia. Kiswahili kimefanya hivyo na pilau na chapati, na hakikupungukiwa na kitu.

6.0 Kinachohifadhiwa na Kinachopotea

Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza Duanwu ya China katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Ni muhimu kutambua kwamba andiko lililowasilishwa halikuwa la sikukuu moja isiyo na mahali. Lilijumuisha sehemu nne: Zigui na Huangshi katika jimbo la Hubei, Miluo katika Hunan, na Suzhou katika Jiangsu. Wu Zixu na Qu Yuan walitambuliwa pamoja. Kwa maana hiyo, uamuzi huo ulirejea kwenye busara ya Du Gongzhan: sikukuu ina jibu tofauti kila mahali.

Hata hivyo, uorodheshaji haufiki kila panapohitajika. Mmea wa *gu*, ambao majani yake yalifunga chakula cha Zhou Chu, ni wa maji yasiyo na kina. Lango la Fengmen, upande wa mashariki wa Suzhou, lina jina linalotokana na mizizi ya mmea huohuo, kwa sababu uliota kwa wingi pale. Wenyeji bado huhesabu mimea minane ya majini inayoliwa, *gu* ikiwa mmojawapo, na huipa heshima ya kuitwa watakatifu wanane wa maji. Lakini tangu mwaka 1994, ardhi kubwa ya mashariki mwa mji mkongwe, iliyokuwa mashamba na maji, imejengwa Eneo la Viwanda la Suzhou kwa ubia wa China na Singapore. Eneo hilo limeleta ajira na utajiri, na hakuna haja ya kulilaumu kwa kuwapo. Linachoonesha ni kwamba idara inayoorodhesha sikukuu na idara inayogawa ardhi inayokuza mimea ya sikukuu hiyo zinaweza kufanya kazi katika mji mmoja bila kukutana.

Soko nalo lina sehemu yake. *Zongzi* na *qingtuan* sasa hutengenezwa viwandani, huhifadhiwa kwenye barafu na kuuzwa mwaka mzima. Si sahihi kuliona hilo kuwa kifo cha desturi, kwani *qingtuan* ilikwisha kuwa bidhaa ya sokoni wakati wa Gu Lu. Tofauti ni kwamba soko la mwaka 1830 lilifuata kalenda, na soko la leo lina uwezo wa kuipuuza. Kileo cha Dongzhi kimedumisha heshima yake kwa sababu hakipatikani baada ya siku yake kupita.

7.0 Hitimisho

Historia ya Suzhou inatoa picha ya tabaka. Juu kabisa kuna amri ya serikali, ambayo katika karne moja ilibadilishwa mara kadhaa. Chini yake kuna hadithi ya shujaa, ambayo huchukua karne kubadilika. Chini zaidi kuna chakula, pamoja na maji, majira na usemi vinavyokishikilia. Tabaka hili la mwisho ndilo limedumu kuliko yote, na ndilo ambalo sera za urithi huligusa kwa nadra zaidi.

Washauri wa sera katika ukanda wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitafakari hilo. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhuisha vyakula vya asili na maarifa yake katika rejesta ya mifano bora ya uhifadhi. Kwa hiyo eneo hili tayari limeonesha kwamba chakula kinaweza kuwa suala la sera na si la mapishi tu. Kutokana na Suzhou, mambo matatu yanaweza kuongezwa. Kwanza, kila andiko la urithi litaje mahali na tofauti za mahali, hata pale ambapo taifa lingependa hadithi moja. Pili, liorodheshe malighafi na ardhi au maji yanakopatikana, ili idara za kilimo na mipango miji ziwajibike pia. Tatu, lirekodi majina, misemo na michezo ya sauti katika lugha ya wenyeji, kabla ya kuitafsiri.

Jambo hilo la tatu linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Lugha hii inazidi kupewa nafasi rasmi katika Rwanda, Uganda na Jumuiya nzima, na upanuzi huo ni wa kufurahiwa. Lakini lugha kubwa inapoingia shuleni huingia pia jikoni, na kila jiko lina maneno ambayo hayana uzito uleule katika lugha nyingine. Mtafiti wa Kiswahili anayekwenda kijijini kurekodi chakula cha sikukuu ana wajibu wa kuandika kwanza jina kama linavyotamkwa pale, pamoja na jani linalokifunga na mwezi kinapoliwa.